Radi Haina Ofisi Sumbawanga

Vijana wa ofisini, mliponiaga kwa ile keki yenye jina langu lililokosewa, mlisema niwaandikie mambo niliyojifunza kazini. Tangu siku hiyo nimekaa nyumbani nabishana na kuku, na nimeona heri nibishane na nyie. Vyeo sitaviandika, si vyangu wala vya wale waliovipata wakati mimi nipo kwenye vumbi la kijiji cha Mwamkulu. Nitaandika kazi yenyewe, ya kukaa na watu waliopatwa na makubwa: moto, ajali, vifo vya ghafla, kukimbizwa makwao. Kwenye barua ya ajira iliitwa ushauri nasaha. Watu wa Mpanda waliiita kwenda kuongea na yule mama.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilishuka treni ya Kaliua asubuhi na vumbi la njia nzima kichwani, nikapewa chumba chenye meza, viti viwili na dirisha lisilofungika. Chuoni walitufundisha kwamba mezani kwa mshauri lazima pawe na boksi la tishu, ili mteja akilia ajifute. Nikaweka boksi langu, nikakaa wima. Mteja wa kwanza akaingia, mzee mmoja amefura kwa hasira, mkononi ameshika bili ya maji. Nikamsikiliza huku natikisa kichwa kwa huruma kama nilivyofundishwa, halafu nikamwuliza, "Na hiyo bili, baba, inakufanya ujisikieje?"

Alinitazama sana. "Inanifanya nijisikie kuja hapa mnieleze. Kwani hapa sio idara ya maji?"

Haikuwa idara ya maji. Mzee aliondoka na boksi langu la tishu, akidhani ndicho kinachogawiwa pale. Sikununua jingine. Watu wa huku wakilia hujifuta kwa kanga, kwa kofia, au kwa kiganja, na hakuna aliyewahi kunilalamikia.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mama Esperansi wa Katumba, mhudumu wa afya wa kijiji. Alivushwa mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto, mwaka ule watu walipokimbia mauaji, na akakulia palepale Katumba msitu ulipokuwa unafyekwa kuwa mashamba. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Alisali kwa Kirundi na kugomba kwa Kiswahili. Siku moja alinikuta namhoji mwanamke mmoja. Nimemwuliza habari za nyumbani, mwanamke kajibu nzuri, na mimi nimeshakamata kalamu niandike nzuri nimwite anayefuata.

"We mwanangu," Mama Esperansi akanikata, "mbona unakata simu mtu hajaanza kuongea? Hapa kila mtu ukimsalimia atasema nzuri. Hata maiti ingeweza, ingesema nzuri. Nyamaza. Subiri ila."

Nikanyamaza. Mwanamke naye akanyamaza, akakunja ncha ya kanga, akaikunjua. "Tunamshukuru Mungu," akasema. "Ila nyumba imeungua."

Basi hiyo ndiyo shule yangu, mengine yote ni nyongeza. Wapo watu wenye ila ya haraka, inatoka kabla hawajakaa. Wapo ambao ila yao huja mkiwa mnaagana mlangoni. Baba mmoja aliitoa akiwa ameshapanda bodaboda, ikabidi tumwombe dereva azime pikipiki na asogee pembeni, na yule dereva baadaye akarudi peke yake na ila yake mwenyewe. Nyie wa siku hizi mnaogopa ukimya, mtu akinyamaza kidogo mnachungulia simu. Acheni hiyo tabia.

Baadaye ikaja semina. Mwezeshaji alitufundisha kwamba mtu aliyepatwa na makubwa hupona vizuri akiona bado ana usemi juu ya maisha yake, lakini akijiona hana lolote la kuamua, anakwama. Hilo ni kweli, nalisimamia mpaka leo. Taabu ilikuwa swali tulilopewa la kuwauliza watu: ni nani anayeamua mambo yanayokupata? Jibu zuri lilikuwa "mimi mwenyewe". Haya, nendeni Katavi nzima mkaulize swali hilo. Wakristo walijibu Mungu, Waislamu wakajibu Mwenyezi Mungu, na mlevi mmoja wa stendi akasema mke wake. Kwa mujibu wa semina, mkoa mzima ulikuwa umekwama. Lakini haohao waliosema Mungu, kesho yake nawakuta wameinama wanapanda mahindi, na hakuna aliyekaa barazani kungoja malaika ashuke na jembe. Sikuelewa. Nililibeba lile swali miaka mingi bila kujua nilifanyie nini, mpaka nilipokutana na baba Limi.

Baba Limi jina lake Jilala, Msukuma aliyehamia Mwamkulu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Mvua za mwanzo za msimu mmoja, alikuwa analima na maksai, yeye ameshika plau na mdogo wake, Maduhu, yuko mbele anawaongoza. Radi ikapiga. Maduhu alikufa palepale, na maksai wote wawili. Jilala alirushwa pembeni, akazinduka kiatu kimoja hakipo na masikio yanalia. Hapo sina utani wa kutia. Maduhu sikuwahi kumwona, nilimjua kwa kusimuliwa tu, na bado nikimfikiria roho inaniuma.

Mwaka uliofuata, rasharasha zikiwa zimeanza na mvua ya kupandia bado, mke wake alikuja ofisini.

"Habari za Mwamkulu, mama Limi?"

"Nzuri."

Nikasubiri.

"Tunamshukuru Mungu, watoto wazima," akasema. "Ila mume wangu ameng'oa bati."

"Bati la nini?"

"La nyumba, mama. Anasema bati linaita radi. Ameweka turubai. Sasa sisi tunalala ndani, na mvua nayo inalala ndani."

Akanieleza mengine. Nguo zote nyekundu zimechomwa. Jogoo mwekundu kachinjwa bila kosa. Kioo kimezikwa. Mtoto akicheka wingu likiwa juu, anaambiwa afunge mdomo kwa sababu meno yanang'aa. Mlangoni inaning'inia pembe ya mganga, juu ya kizingiti pamepakwa mafuta ya kanisani, na nyuma ya nyumba umesimama mti mrefu wenye waya, ushauri wa fundi redio wa sokoni. Baba Limi alikuwa ameyaweka yote kwa pamoja ili Mungu, mganga na sayansi wagawane zamu. Na pamoja na ulinzi wote huo, wingu likitokea hata upande wa Tabora, yeye anaingia kitandani na kujifunika.

"Msimu uliopita watu wa kanisa walitulimia," mama Limi akasema. "Mwaka huu hawatulimii tena, na wana haki. Mama, mimi nimemwambia. Mvua ya kupandia ikinyesha na yeye hajatoka kwenda shamba, nachukua watoto nakwenda kwa kaka yangu Kahama. Nampenda. Sikudanganyi, nampenda sana. Lakini mimi niliolewa na mwanaume, sikuolewa na kitanda."

Nikapanda bodaboda mpaka Mwamkulu. Jilala alinipokea vizuri, mwangaluka mayu ya salamu za Kisukuma, karibu kiti, maji ya kunywa. Akaniuliza kwa heshima kwetu ni wapi. Nikasema Sumbawanga. Akasimama, akaniaga, akaingia ndani na kufunga mlango, mimi bado nina kikombe mkononi.

Kwa mgeni wa nchi hii nieleze. Tanzania nzima inaamini, au inajifanya kutania, kwamba sisi Wafipa wa Sumbawanga tunatuma radi. Mimi ni Mfipa kwa baba na kwa mama. Chuoni nilikuwa naazimwa madaftari kwa adabu ya ajabu. Na nyie mliokuwa mnaniwekea mnofu mkubwa kwenye sherehe za ofisi mawingu yakitanda, nawajua kwa majina.

Niliporudi mara ya pili, mlango ulikuwa wazi na pamefagiliwa. Jilala alinipa kiti chenye mto. Nikajua leo kuna jambo. Kwa kuwa sikujua pa kuanzia, nikalitoa lile swali la semina.

"Baba Limi, kwa unavyoona wewe, ni nani anayeamua mambo yanayokupata?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nyie."

"Nyie nani? Ustawi wa jamii?"

"Nyie Wafipa."

Akaeleza bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mjini. Ng'ombe wake waliwahi kuingia kwenye mahindi ya Mfipa mmoja jirani. Alikwenda kuomba radhi, akalipa, na yule Mfipa akamjibu "sawa tu", halafu akahama.

"Sasa si alisema sawa?"

"Mama, alisema sawa *tu*. Mfipa akisema sawa tu, unalala?" Akasogeza kiti. "Mimi sitaki ugomvi. Naomba uongee na wenzako huko ofisini Sumbawanga wafute jina langu."

"Baba Limi, radi haina ofisi Sumbawanga."

"Imehamia wapi?"

"Haina ofisi popote! Na mimi sina uwezo wowote kuhusu radi."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hivyo hivyo ndivyo wanavyosema wenye uwezo."

Wakati wa kuondoka akanipa kuku, mweupe bila shaka. Nikakataa kwa sababu kazi yetu haipokei zawadi, na hapo nikawa nimeharibu kabisa. Habari ikasambaa kwamba Mfipa amekataa kuku, maana yake shauri halijaisha. Mwenyekiti wa kitongoji alinifuata mpaka mjini akanisihi nimchukue yule kuku kwa ajili ya amani ya wananchi. Bodaboda wakaanza kunibeba polepole kama mayai. Siku moja nilipiga chafya pale Mwamkulu na watu wawili wakaingia ndani.

Nilikwenda Katumba kumlilia Mama Esperansi, wakati huo ameshastaafu, anapalilia mihogo yake. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Nikamwacha amalize. Nikamwambia kwamba nimechoka, nawaza nikubali tu, nimwambie Jilala nimeongea nao na jina limefutwa, ili akalime na mke wake abaki.

Kicheko kikakatika. "Halafu ikipiga tena?"

Nikainama, nikaanza kumsaidia kupalilia.

"Yule anatafuta mwenye radi," akasema. "Akiwepo mwenye radi, anaweza kuombwa, anaweza kuhongwa kuku. Ukisema ni wewe, utamfanya mtumwa wako. Atakuwa anakutazama usoni kila asubuhi kabla ya kushika jembe." Akang'oa gugu, akalikung'uta udongo. "Mimi nilipofika hapa nilikuwa mtoto, nimebaki na shangazi tu. Nilimwuliza Mungu kwa nini wengine wote na mimi nimebaki. Hakunijibu. Shangazi akanipa jembe. Nikaendelea kumwuliza huku nalima. Mpaka leo namwuliza, mwanangu, na mihogo yangu unaiona. Kamwulize huyo mtu wako anajua nini kuhusu mvua. Mchungaji wa ng'ombe hakosi kitu anachojua."

Nikarudi nikauliza. Jamani! Jilala alijua wingu la kutishia na wingu la kupiga, alijua upepo unaotangulia, alijua ng'ombe wanavyosimama dakika chache kabla. Nikamwambia kwa kuwa anajua, awe anawaonya wenzake mashambani watoke mapema. Akafurahi, akatafuta debe. Hilo nalo lilitupa kazi, maana siku za mwanzo alipiga debe kwa kila wingu, hata la moshi wa tanuri la matofali. Alitawanya mkutano wa kijiji na harusi moja, na bibi harusi alikimbia na shela lake akajificha kwa jirani. Lakini baada ya muda akatulia, na debe lake likaanza kuaminiwa. Alipiga, watu walitoka, wakamshukuru. Tatizo ni kwamba alilipiga akiwa amesimama mlangoni kwake. Shambani hakukanyaga.

Kanisani nako hakukuwa na nafuu. Mchungaji alimsimamisha kila Jumapili atoe ushuhuda jinsi Mungu alivyomwokoa. Jilala alisimama, akasema "Bwana asifiwe", akakaa. Watu wakasema ni mtu wa maneno machache.

Mvua ya kupandia ikanyesha. Nyote mnaijua harufu yake, na siku hiyo mimi niliichukia. Mama Limi alinipigia simu kuniaga, nami nikamwambia bodaboda akimbie, na kwa mara ya kwanza akanitii. Nilikuta bajaji uani, watoto wameshapanda, masufuria yamefungwa kwenye shuka, na mama Limi anatoa godoro. Jilala amesimama mlangoni na debe lake. Dereva wa bajaji anatazama juu na kuhimiza waondoke barabara haijawa tope. Wingu lilikuwa jeusi, limeinama juu yetu kabisa. Nikaingia ndani, nikasimama karibu na meza, nikaanza hotuba niliyoiandaa njia nzima kuhusu kuchukua hatua ndogondogo na kurudisha usukani wa maisha yako mkononi mwako.

Sasa nyie hamjui jambo moja, kwa sababu nililificha kazini miaka yote. Mimi naogopa radi. Naogopa vibaya sana, tangu utotoni.

Ilipopasuka, sikumbuki kuinama. Nakumbuka tu nipo chini ya meza, kanga kichwani, viatu vimebaki nilipokuwa nimesimama, na namwita Bikira Maria kwa Kifipa.

Miguu ya Jilala ikaja. Halafu magoti. Halafu uso wake ukachungulia.

"Mama."

"Nini?"

"Unafanya nini huko?"

"Nasali!"

Akafikiri. "Kwani hawakukuambia kama leo wanapiga?"

"Nani aniambie?" Nikampigia kelele, Mungu wangu, mteja wangu mwenyewe. "Hakuna wa kuniambia! Ningekuwa naiweza, si ningeizuia isinipige mimi?"

Ikapasuka nyingine. Nikashika mguu wa meza na kupiga yowe ambalo dereva wa bajaji alilisimulia mjini mwezi mzima. Jilala akaanza kucheka. Alicheka mpaka debe likamtoka mkononi, akakaa chini sakafuni mbele yangu na machozi yanamtoka, na watoto kule nje wakachungulia kwa sababu walikuwa wameisahau sauti hiyo.

Kicheko kikaisha. Tukabaki tunatazamana, yeye sakafuni na mimi mvunguni.

"Kwa hiyo haitumwi," akasema.

"Haitumwi, baba Limi."

"Hata yule wa mahindi?"

"Yule alisema sawa tu kwa sababu yalikuwa yamekwisha."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Turubai lilikuwa linapiga kelele kwa mvua na maji yanadondoka pembeni yake, wala hakuyajali.

"Siku ile zamu ya kuongoza maksai ilikuwa yangu," akasema. "Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia Maduhu atangulie yeye. Mimi nilijua radi imetumwa kwangu, ikanikosa, ikamkuta yeye amesimama mahali pangu. Kanisani wananiambia nishukuru. Nishukuru vipi, mama, na mdogo wangu kachukua ya kwangu?" Akafuta pua kwa kiganja. "Sasa kama haikutumwa, basi haikuwa inanitafuta mimi."

"Haikuwa inakutafuta wewe."

"Maduhu hakufa kwa ajili yangu."

"Hapana, baba. Alikufa kwa radi."

Akainamisha kichwa kwenye magoti, akalia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani siku ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa ndiyo siku ya kwanza. Na mimi nikalia, sina hata kipande cha tishu.

Mama Limi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, ameloa, godoro kichwani. Alilitua palepale kwenye tope la kizingiti, akaja kukaa karibu na mume wake bega kwa bega. Akamwita dereva bila kugeuka. "Baba, washushe watoto, uende zako. Hakuna safari."

"Kesho nitashika plau," Jilala akasema ndani ya magoti yake. "Ila nani atatangulia mbele?"

"Mimi," akasema mama Limi.

Watoto wakaingia, wakawakalia miguuni. Mvua iliendelea, nao wakakaa hivyo hivyo wamekumbatiana, na mimi nikaendelea kuwa chini ya meza, kwa sababu walikuwa wamekaa njiani kwangu na sikuwa na moyo wa kuwaambia wasogee.